AL-HIJR: MAKABURI YENYE LAANA MLANGONI, NA BONDE ALILOLIPITA MTUME (S.A.W) KWA HARAKA



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake, Maswahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu, tangu Saudia ilipofungua eneo la AlUla kwa wageni miaka ya karibuni, baadhi ya wanaokwenda Umra wanaunganisha safari: wakimaliza ziyara ya Madina wanapanda gari kwenda kuyaona majabali ya al-Hijr, ardhi ya watu wa Nabii Swaleh (A.S). Na wakirudi wanarudi na maswali mawili. La kwanza: inafaa kwenda kule au haifai? La pili ndilo zito zaidi: "Sheikh, mwongozaji ametuambia yale si majumba ya Thamud. Ametuambia ni makaburi ya watu wengine waliokuja baadaye sana. Sasa tulichosoma madrasa ni kipi?"

Swali hili la pili halitaki hamaki. Ukimkemea kijana aliyeuliza, atanyamaza mbele yako, na shaka ataondoka nayo. Ukimjibu kwa kubuni, umemfundisha kuitetea dini kwa uongo, na dini ya Allah haina haja ya uongo wetu. Basi tukae chini tulisome bonde hili tabaka baada ya tabaka, kisha turudi kwenye maswali yote mawili.

1. BONDE LENYEWE

Ukitoka Madina kuelekea kaskazini magharibi, baada ya zaidi ya kilomita 300 unafika mji wa AlUla, katika nchi ambayo vitabu vya Sira vinaiita Wadi al-Qura. Endelea kaskazini kama kilomita 20, utatokea kwenye uwanda mpana wa mchanga. Humo yamesimama majabali mekundu na ya kahawia, kila moja peke yake, kama vyombo vilivyokwama maji yalipokupwa. Hapo ndipo al-Hijr. Watu wengi wanapaita Mada'in Salih, miji ya Swaleh. Qur'ani imepaita al-Hijr, na sura nzima, sura ya 15, ikabeba jina hilo.

Katika majabali hayo kumechongwa makaburi makubwa 111, na 94 kati yake yana nakshi: nguzo, ngazi juu ya paa, ndege mwenye mbawa juu ya mlango. Mwaka 2008 eneo hili liliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, likiwa la kwanza kutoka Saudia. Kaburi linalopigwa picha kuliko yote linaitwa Qasr al-Farid, kasri la pekee. Limechongwa katika jabali moja lililojitenga, urefu wake unazidi mita 20, na halikumalizika. Wachongaji walianza juu wakashuka chini, na sehemu ya chini imebaki na alama za patasi mpaka leo, kama kwamba fundi amekwenda kuswali atarudi. Hakurudi.

Angalieni jina hilo: watu wameliita kasri, na lenyewe ni kaburi. Lishikeni hili, tutalihitaji mbele.

2. SIKU MTUME (S.A.W) ALIPOPITA HAPA

Ilikuwa mwaka wa 9 Hijria, katika safari ya Tabuk. Joto kali, masafa marefu, jeshi kubwa, maji haba. Njia ikawapitisha al-Hijr, na al-Hijr ina visima. Maswahaba walioteseka kwa kiu wakateka maji, wakayatumia na kukandia unga.

Mapokezi ya Ibn Umar (R.A) katika Bukhari na Muslim yanatueleza kilichofuata. Mtume (S.A.W) aliwaamrisha wayamwage maji waliyoyateka, na ule unga uliokwisha kukandwa walishwe ngamia. Akawaamrisha wateke kutoka kisima alichokuwa akinywa ngamia jike wa Nabii Swaleh. Akawakataza kuingia katika makazi ya wale waliojidhulumu nafsi zao ila wawe wanalia, isije ikawapata mfano wa yaliyowapata wale. Kisha akakifunika kichwa chake, akaharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde.

Tafakari amri hiyo ilivyokuwa ngumu. Jeshi lina njaa, unga umeshakandwa, umebaki kuwekwa motoni. Unaambiwa mpe ngamia. Ndani yake mna mafunzo mawili. La kwanza, mahali penye athari ya adhabu hapafanywi pa kustarehe. La pili, Mtume (S.A.W) hakuwakataza kila kisima. Aliwaonyesha kimoja. Katika bonde lilelile kulikuwa na maji ya kumwagwa na maji ya kunywewa. Kumbukumbu ya dhulma ilikuwa pale, na kumbukumbu ya Nabii na muujiza wake ilikuwa palepale.

Imamu an-Nawawi katika Riyadh as-Salihin, kitabu ambacho misikiti yetu mingi inakisomesha, ameifungulia hadithi hii mlango maalumu unaohusu kulia na kuogopa unapopita kwenye makaburi ya madhalimu na mahali walipoangamia. Tazama alivyoelewa: suala ni hali ya moyo wa anayepita.

3. KARNE ZILIZOPITA NA MACHO YALIYODANGANYIKA

Baada ya hapo al-Hijr ikawa kituo kwenye njia ya mahujaji wa Sham. Mwaka 1326 Miladia alipita Ibn Battuta akiwa na msafara wa Hajj kutoka Damascus. Huyu ndiye yuleyule ambaye mwaka 1331 alifika kwetu, akaiona Mombasa na Kilwa na kutuachia habari za wazee wetu wa pwani.

Ibn Battuta ameeleza kwamba maji yalikuwapo kwa wingi al-Hijr, lakini mahujaji hawakuyateka hata wakishikwa na kiu namna gani, kwa kufuata alivyofanya Mtume (S.A.W). Miaka 700 ilikuwa imekaribia kutimia tangu siku ya Tabuk, na umma bado ulikuwa unapita na viriba vyake bila kuvijaza! Hii ndiyo maana ya Sunna kuishi katika watu.

Kisha akayaeleza majumba ya Thamud yaliyochongwa katika majabali mekundu, na akasema kwamba mifupa yao iliyochakaa imo ndani ya nyumba hizo. Yeye kama watu wa zama zake aliona milango, akaona vyumba, akasema ni nyumba. Lakini jicho lake liliona kitu cha kweli na akakiandika kwa uaminifu: mifupa. Nyumba gani hii, kila chumba kina mifupa, na ukutani kumechongwa mianandani ya kulaza maiti? Jibu lilikuwa limeandikwa juu ya milango yenyewe. Waliokuwa wanaweza kusoma hati ile walikuwa wamekwisha kufa.

4. MILANGO ILIPOSOMWA

Hati hiyo ni ya Wanabati, Waarabu wa kale waliokuwa na makao makuu Petra, katika Jordan ya leo. Walitajirika kwa biashara ya ubani na manukato kutoka Yemen, na al-Hijr ilikuwa mji wao mkubwa wa kusini. Mwaka 1876 Mwingereza Charles Doughty alifika na msafara wa Hajj akanakili maandishi hayo. Baada yake, kuanzia mwaka 1907, mapadri wawili Wafaransa, Jaussen na Savignac, wakayanakili kwa upana zaidi. Makaburi zaidi ya 30 yalikutwa na maandishi, na mengi yana tarehe. Ya zamani zaidi ni ya mwishoni kabisa mwa karne iliyotangulia kuzaliwa kwa Nabii Isa (A.S) kwa hesabu ya kalenda, na ya mwisho katika kundi hilo ni ya mwaka 75 Miladia hivi.

Na yamesema nini? Ukidhani ni mashairi ya kusifu wafu, umekosea. Ni hati za miliki! Kila mlango unasema: kaburi hili ni la fulani bin fulani, atazikwa humu yeye na watoto wake, na fulani na fulani. Halipangishwi, haliuzwi, haliwekwi rehani, hazikwi asiyetajwa. Atakayevunja sharti, faini yake ni kadhaa. Moja linataja kwamba nakala ya hati imewekwa hekaluni. Ni sawa na mtu wa leo anayekwenda kwa wakili na kupeleka nakala kwa msajili.

Kaburi lenye tarehe ya zamani zaidi ni la mwanamke aitwaye Kamkam na binti yake Kulaybat, mwaka wa 9 wa utawala wa mfalme Haritha. Na wanawake wenye makaburi yao wenyewe ni wengi pale. Ila angalieni Kamkam amemkabidhi nani ulinzi wa kaburi lake. Anawataja Dushara, na Lat, na Manat, wamlaani atakayeliuza, atakayelinunua au atakayeliweka rehani. Kisha anayataja malipo ya kosa kwa Dushara na Hubal na Manat, na juu ya hayo faini ya fedha elfu moja za mfalme Haritha kwa kuhani.

SubhanaLlah! Lat na Manat ndio waliotajwa katika Suratu an-Najm. Hubal ndiye aliyepigiwa ukelele na Abu Sufyan siku ya Uhud. Majina tunayoyasoma katika Qur'ani na Sira, hapa yamechongwa kwenye jiwe miaka zaidi ya 600 kabla ya Hijra, yakiwa yamepewa kazi ya kulinda mlango wa kaburi.

Na walilinda? Ingieni ndani ya makaburi yale leo. Milango haipo. Vyumba vimevunjwa na kuporwa tangu zama za kale. Laana ipo juu ya mlango, inasomeka herufi kwa herufi, na chini yake shimo tupu. Tena mwaka uleule wa 9 Hijria, miezi michache baada ya Mtume (S.A.W) kulipita bonde hili, sanamu la Lat lilivunjwa kule Taif, na waliotumwa kwa kazi hiyo ni al-Mughira bin Shu'ba na Abu Sufyan huyohuyo aliyemtukuza Hubal siku ya Uhud. Lat hakuweza kuilinda nyumba yake mwenyewe. Angelilindaje kaburi la Kamkam?

Mwisho wa maandishi ya Kamkam fundi ameweka jina lake. Anaitwa Wahballahi, yaani kipawa cha Allah. Mkono wenye jina la Allah unachonga jina la Lat! Ndivyo walivyokuwa watu wa Jahiliya. Jina la Mola wanalijua, wanawaita watoto wao kwalo, na ulinzi wanauomba kwingine. Kila mmoja wetu ajiulize, kwa upole tu: hirizi iliyofungwa mlangoni mwa duka, au kiunoni mwa mtoto anayeitwa Abdallah, inatofautiana vipi na mlango ule?

5. JE, QUR'ANI IMESEMA NINI HASA?

Sasa tulikabili swali la kijana. Soma Suratu al-A'raf aya ya 74. Allah anawakumbusha Thamud kwamba walijenga makasri kwenye nchi tambarare na wakachonga majumba katika milima. Soma ash-Shu'ara aya ya 149, na al-Hijr aya ya 82. Zote zinazungumzia majumba ya kuishi. Hakuna aya hata moja iliyosema kwamba Qasr al-Farid ni nyumba ya Thamud. Hakuna hadithi sahihi iliyosema kwamba kila mlango tunaouona leo ulichongwa na kaumu ya Swaleh. Kuyaita makaburi haya majumba ni uelewa wa watu waliopita njiani, walioona na kukisia. Uelewa wa msafiri si wahyi.

Mtume (S.A.W) aliitaja ardhi hii kuwa ni ya Thamud, nasi tunasadiki. Ardhi moja hukaliwa na umma baada ya umma. Wanabati waliikuta al-Hijr na historia yake. Pale pale kuna maandishi yapatayo 50 ya kabla ya Wanabati, na jirani, kwenye mji wa Dadan, kulikuwa na ufalme wa Lihyan kabla yao. Nao hao Wanabati hawakuishi katika majabali. Wachimbuaji wameuona mji wao chini ya mchanga, katikati ya uwanda: nyumba za matofali ya udongo na ukuta wa mji. Walio hai walikaa kwenye udongo, wafu wakapewa jiwe.

Na Thamud si jina la ngano. Mfalme Sargon wa Pili wa Ashuru, katika karne ya 8 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S), ameandika kuwa aliwashinda Thamud miongoni mwa makabila ya jangwani. Karne nyingi baadaye, katika miaka ya 160 Miladia, jina hilohilo linaonekana kwenye hekalu la Ruwafa, kaskazini magharibi ya Hijazi, kwa Kigiriki na Kinabati, likiwa la watu waliotumikia dola ya Kirumi. Mtu akiuliza: vipi jina libaki na kaumu imeangamia? Arejee Suratu Hud aya ya 66: Allah alimwokoa Swaleh na walioamini pamoja naye. Waliookoka ni watu, na watu huzaa, na jina la ukoo hufuata kizazi. Maelezo haya yanaingia akilini, wala hayalazimishi kuikana aya wala kulikana jiwe.

Kwa hiyo, kijana wangu, mwongozaji akikwambia makaburi yale ni ya Wanabati, mwambie ni kweli, jina la mwenyewe liko mlangoni. Imani yako haikusimama juu ya nguzo ya Qasr al-Farid.

Na hapa naomba tuambiane ukweli kuhusu picha. Kila baada ya muda huzunguka katika simu zetu picha ya mifupa ya jitu refu kama mnazi, na maneno chini yake: "Kaumu ya Ad", mara "Thamud". Picha mashuhuri kuliko zote ilitengenezwa kwa kompyuta mwaka 2002 kwa ajili ya mashindano ya picha. Picha ya asili iliyotumika ni ya uchimbaji wa mifupa ya mnyama wa kale wa jamii ya tembo, katika jimbo la New York. Mifupa iliyopatikana al-Hijr ni ya watu wa kimo kama chetu. Usisambaze. Siku mtoto wako atakapogundua kwamba picha ni ya uongo, utamwambia nini kuhusu aya uliyoiambatanisha nayo?

6. TABAKA JUU YA TABAKA

Mwaka 106 Miladia Warumi waliumeza ufalme wa Wanabati. Al-Hijr kumepatikana jiwe lenye maandishi ya Kilatini, la kati ya mwaka 175 na 177, linaloeleza kukarabatiwa kwa ukuta wa mji. Kiongozi wa mji aliyetajwa humo ana jina la Kiarabu: Amr bin Hayyan.

Kisha linakuja kaburi ambalo mimi naona ndilo lenye kugusa moyo kuliko yote. Ni la mwaka 267 Miladia. Mtu aitwaye Ka'b bin Haritha amemtengenezea mama yake kaburi. Mama anaitwa Raqush binti Abd Manat, na maandishi yanasema amefia al-Hijr. Jina ni hilohilo lililokuja katika Qur'ani. Hati ni ya Kinabati, lakini lugha imeshakuwa Kiarabu kilichochanganyika na Kiarami, na ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiarabu yenye tarehe. Baba wa Raqush aliitwa mtumwa wa Manat. Lakini Ka'b, alipotaka kumwombea laana atakayelivunja kaburi la mama yake, hakumwita Manat wala Lat. Amemwita Bwana wa ulimwengu.

Alikuwa na imani gani? Allah ndiye Mjuzi. Ila tunaona kitu kinasogea. Ni miaka 300 kabla ya kuzaliwa Mtume (S.A.W), na kwenye bonde lile mtoto anayemlilia mama yake amefumba mdomo juu ya masanamu. Na hati ile ya Wanabati, wanazuoni wa hati wanakubaliana kwamba ndiyo iliyokua na kubadilika mpaka ikawa hati ya Kiarabu. Herufi zilizoandikia laana za Lat, watoto wa herufi hizo ndio walioandika Suratu an-Najm. Allah hufanya atakalo.

Tabaka letu sisi Waislamu nalo lipo. Kusini mwa al-Hijr, kando ya njia ya zamani, mtu aitwaye Zuhayr alichonga kwenye mwamba mistari michache. Anaanza kwa jina la Allah, kisha anasema ameandika wakati alipofariki Umar, mwaka wa 24. Basi. Umar ni Amirul Muuminina Umar bin al-Khattab (R.A), na mwaka ni wa Hijra. UNESCO imeliandika jiwe hilo katika Kumbukumbu ya Dunia mwaka 2003. Linganisha: Kamkam alichonga jabali, akaweka faini, akakusanya miungu, na kaburi likaporwa. Umar, ambaye majeshi yake yalizishinda dola mbili, amezikwa katika chumba cha Bi Aisha (R.A) kando ya Mtume (S.A.W) na Abubakar (R.A), na msafiri mmoja akaona inatosha kuandika kwamba amefariki. Hakuna laana, hakuna faini. Na mpaka leo mamilioni wanapita kumsalimia.

Karne ya 18 Dola ya Uthmania ikajenga ngome hapo kuwalinda mahujaji na maji yao. Mwaka 1900 Sultani Abdulhamid wa Pili akaanzisha reli ya Hijazi, takriban kilomita 1,300 kutoka Damascus mpaka Madina, ikichangiwa na Waislamu wa nchi nyingi. Ilifika Mada'in Salih mwaka 1907 na Madina mwaka 1908. Safari ya msafara ya siku 40 ikawa ya siku chache. Haikumaliza miaka 20 ikiwa salama: Vita Kuu ya Kwanza iliivunja. Stesheni bado iko pale, na gari la moshi la zamani, jirani na makaburi. Kila tabaka lilidhani ndilo la mwisho.

7. KIDANI CHA TENDE

Katika miaka ya karibuni wanaakiolojia wa Saudia na Ufaransa walifungua kaburi moja kwa utaratibu. Mlangoni limeandikwa jina la Hinat binti Wahb, aliyelifanya kwa ajili yake na watoto wake na wajukuu zake, mwaka 60 au 61 Miladia. Ndani mlikuwa na mifupa ya makumi ya watu, mabaki ya sanda za nguo na ngozi, na kidani cha tende kavu zilizotungwa. Mwaka 2023 wakaonyesha sura ya mwanamke iliyotengenezwa kwa kufuata fuvu moja la humo, wakaipa jina la Hinat kwa sababu ndilo jina lililo mlangoni. Fuvu lenyewe halikuandikwa jina.

Ndugu yangu, tuzingatie. Alichonga mlango wa jiwe ili jina lisipotee. Jina limebaki na mifupa imebaki, lakini kuunganisha hili jina na huu mfupa hakuna awezaye kwa yakini. Ajuaye ni Yule aliyesema kwamba anajua kinachopunguzwa na ardhi kutoka kwao, Suratu Qaf aya ya 4. Na aliyemvisha ndugu yake kidani cha tende alimpenda. Hawa walikuwa watu, wana mama, wana watoto, wanalia msibani kama sisi. Hukumu yao iko kwa Mola wao. Ushirikina wao tunaukataa, na kifo chao kinatuonya.

8. INAFAA KWENDA? ADABU ZA ANAYEKWENDA

Wapo wanazuoni wanaozuia kufunga safari kwenda kule kwa utalii na starehe, na wapo wanaoruhusu kupita kwa kuzingatia. Wote wanarejea kwenye hadithi ileile, na sharti lake liko wazi. Basi anayekwenda azingatie haya:

Kwanza, nia. Suratu al-Hajj aya ya 46 inatuamrisha kutembea katika ardhi ili mioyo ielewe, na inatuambia upofu ulio mbaya ni wa mioyo iliyo vifuani. Kama safari ni ya picha ya kuringia, baki Madina uswali. Swala moja katika Msikiti wa Mtume (S.A.W) ina thawabu kubwa kuliko picha elfu za Qasr al-Farid.

Pili, ingia kwa unyenyekevu na utoke bila kukawia. Kama machozi hayaji, angalau kicheko kisije. Muziki, kandamnasi na kupiga kelele mlangoni mwa makaburi, hayo hayaendi pamoja na mwendo wa aliyefunika kichwa chake akaharakisha.

Tatu, usiombe chochote kwa aliyelala humo, wala usiokote jiwe la baraka. Hapana baraka ya kuchukuliwa pale. Kuna onyo la kuchukuliwa.

Nne, usiharibu wala usichore jina lako. Majina yaliyopo yanatosha, na hayakuwafaa wenyewe.

Tano, ukirudi simulia ukweli. Sema: ardhi ni ya Thamud kwa habari ya Mtume (S.A.W), na makaburi haya ni ya Wanabati kwa ushahidi wa maandishi yao. Sentensi hizo mbili hazigombani.

Ndugu zangu, sisi tutazikwa ardhini, kaburi likiwa limeinuka shubiri moja, na baada ya miaka michache wajukuu watabishana ni lipi. Hilo lisitutishe. Linda amali yako, ndiyo itakayoingia nawe. Mlango hata uchongwe mita 20 hauingii.

Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe wenye kuzingatia kabla hatujawa mazingatio kwa wengine. Yafanye makaburi yetu na ya wazazi wetu kuwa bustani katika mabustani ya Pepo. Utuokoe na dhulma ya nafsi zetu, na utufishe hali ya kuwa uko radhi nasi. Aamiin.

Mfikishie darsa hii ndugu anayejiandaa na safari, na kijana wako mwenye maswali.

Wallaahu a'lam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.